Ng'ombe waliomponza Otenyo

Ukitaka kujua bei yako, nenda nyumbani Desemba. Hutaulizwa lolote. Macho yatashuka kutoka usoni hadi viatuni, kisha yataruka bega lako kutafuta gari ulilokuja nalo. Kama ulishukia Keroka kwa matatu halafu ukamalizia safari kwa bodaboda, begi mapajani na vumbi kwenye nyusi, basi hesabu imeshafungwa kabla hujasalimia mtu.

Desemba moja nilikuwa kwenye mazishi huko kwetu. Kulikuwa na hema mbili, moja ya viti vya plastiki vitupu, nyingine ya viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Mwalimu mstaafu, mzee aliyewafundisha nusu ya watu waliokuwa pale kusoma na kuandika, alitangulia kufika akaketi kwenye kitambaa. Mara likaingia gari, nyuma yake jingine, nyuma yake la tatu. Kijana wa kamati akamwinamia mwalimu, akamnong'oneza, na mwalimu akachukua fimbo na kofia yake akahamia kwenye plastiki. Hakununa. Hapo ndipo paliponiuma, kwamba alihama kama mtu anayejua utaratibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria Otenyo.

Kama ulikulia Kisii au Nyamira, jina hilo si geni. Kama hukukulia huko, basi keti nikusimulie. Otenyo Nyamaterere alikuwa kijana wa Kitutu ambaye mnamo Januari 1908 alimchoma mkuki mkuu wa wilaya wa kikoloni. Kwa kawaida tunasimuliwa kisa hiki kama cha ushujaa, na ni cha ushujaa kweli. Lakini leo nataka ukisome kama kisa cha mali. Maana ukikichambua vizuri utakuta ng'ombe. Ng'ombe mwanzo, ng'ombe katikati, ng'ombe mwisho.

Kwanza mahali penyewe. Kitutu ya leo imegawika mara mbili: Kitutu Chache iko Kaunti ya Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira. Manga, ile milima yenye ukingo mkali unaouona ukiwa mjini Kisii, iko upande wa Nyamira. Enzi za Otenyo hakukuwa na kaunti wala mji. Palikuwa na koo zenye ardhi yao, Kitutu, Nyaribari, Wanjare, Bassi, Machoge, Mugirango, na kati ya ukoo na ukoo palikuwa na ndoa, ugomvi na wizi wa mifugo, wakati mwingine vyote vitatu ndani ya msimu mmoja.

Tajiri kwa Ekegusii anaitwa omonda. Mwaka 1900 omonda hakuwa mtu wa pesa, kwa sababu pesa yenyewe haikuwa na kazi huko. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na kupitia ng'ombe akawa mtu wa wake wengi, watoto wengi, mashamba yaliyolimwa na wageni wasiokauka mlangoni. Hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu sisi tuliozaliwa na simu mkononi tukisikia "ng'ombe" tunawaza akiba. Tunawaza pesa zilizolala kwenye akaunti, ila zina pembe.

Sivyo ilivyokuwa. Ng'ombe wa Omogusii hakulala. Dada yako akiolewa, ng'ombe wa mahari yake walikuja zizini kwenu, na ndugu fulani, mara nyingi wewe uliyezaliwa naye tumbo moja, ndiye uliyeandaliwa ng'ombe hao ili nawe uoe. Dada na kaka walifungwa pamoja na mifugo ile maisha yao yote. Ungeoa kwa ng'ombe wa dada yako, na kila mara angekuja kwenu angepokewa na mkeo kama mtu mwenye haki, maana bila yeye bibi harusi huyo angekuwa kwa wengine. Ng'ombe yule yule aliyetoka kwenu angeenda kwa wakwe, kwa wakwe angeenda kuoa tena, na ndama wake angekuwa shahidi wa harusi tatu. Mwenye wengi aliwaweka wengine kwa marafiki na jamaa wa mbali, nao wakanywa maziwa huku wakimlindia. Ukiibuka ugonjwa au wizi upande mmoja, upande mwingine ungebaki kitu.

Kwa hiyo ukimwuliza mzee wa wakati ule ana utajiri gani, angekuorodheshea watu. Huyu ni mkwe wangu, yule analisha ng'ombe wangu, wale ni wana wa binti yangu. Zizi lilikuwa kitabu cha uhusiano. Hata wake walitambulika kwa harusi iliyokamilika: aliyefanyiwa enyangi, sherehe kamili ya ndoa, alivaa vikuku vya chuma miguuni, ebitinge, na ungemsikia akija kabla hujamwona.

Usidhani nakuuzia pepo. Palikuwa na ndugu wa baba mmoja na mama tofauti walioraruana kwa sababu ya ng'ombe wanne. Palikuwa na wanaume waliosubiri mahari hadi wakaanza kuota mvi. Mabinti hawakuulizwa sana. Na omonda mwenyewe hakulala usingizi mnono kila siku: kadiri zizi lilivyojaa ndivyo alivyohofia kijicho cha jirani na uchawi wa ndugu, na wazee wetu waliogopa jambo hilo zaidi walivyoogopa chui. Ukinunua gari leo ukaambiwa na mama ulipitishe usiku ili watu wasilione, ujue hofu hiyo ina umri mkubwa kuliko gari.

Lakini kitu kimoja kilikuwepo ambacho naona tumekipoteza. Pombe ilipoiva, chungu kiliwekwa katikati na wazee wakavuta kwa mirija mirefu, mwenye ng'ombe mia na mwenye ng'ombe mmoja, kutoka chungu kimoja. Obokano ilipigwa, ile zeze kubwa ya nyuzi nane inayonguruma kama tumbo la nchi. Tajiri aliyekunywa peke yake hakuonewa wivu, alionewa mashaka.

Na vijana je? Vijana wasiooa walikuwa na kazi yenye heshima kuliko zote: kulinda. Waliishi nje ya maboma ya wazazi, katika ebisarate, kambi za ng'ombe zenye uzio mzito, mikuki karibu. Ng'ombe hawakuwa wao, walikuwa wa baba na wa babu. Ila bila kijana wa ebisarate, mzee hakuwa na utajiri wowote kufikia asubuhi. Kijana asiye na kwato hata moja kwa jina lake alilala akijua ana thamani, kwa sababu usalama wa kila mtu ulikuwa juu ya bega lake. Hicho ndicho kizazi cha Otenyo.

Sasa wakaja Waingereza.

Mwaka 1905 msafara wa kijeshi uliingia nchi ya Gusii. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi wa mifugo ya majirani. Vijana wa mikuki waliikimbilia bunduki ya Maxim wakiwa kundi moja. Afisa mmoja wa polisi wa kikoloni aliyekuwepo, W. Robert Foran, aliandika baadaye kwamba bunduki ile ilifyatuliwa muda mrefu hadi chuma chake kikawa karibu kuwa chekundu kwa moto. Nyumba zilichomwa. Na ng'ombe wakaswagwa, wakaondoka.

Fikiria kilichoondoka. Tumeona ng'ombe alikuwa nini. Aliposwagwa ng'ombe wa dada yako, ndoa ya dada ilibaki bila shahidi na ndoa yako ikabaki bila mwanzo. Rafiki aliyekuwa akikulishia mifugo hakuwa tena na cha kukulishia, na wewe hukuwa tena na sababu ya kumtembelea. Mzungu aliandika idadi ya vichwa kwenye daftari kama faini. Watu wa Kitutu walihesabu majina.

Mwaka 1907 boma la serikali likajengwa pale Getembe, mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Wenyeji wakapaita Bosongo, kwa Wazungu. Mkuu wa wilaya alikuwa Geoffrey Northcote, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30. Watu walimpa jina Nyarigoti. Kodi ikaanza kudaiwa kwa kila nyumba, na unajua kodi ilikuwa na ujanja gani: ilidaiwa kwa rupia, na rupia uliipata kwa kuuza mnyama au kwa kwenda kumfanyia kazi aliyekuwa nayo. Kwa mara ya kwanza Omogusii alikuwa na bei ya mwaka mzima, iliyopangwa na mtu asiyemjua.

Hapa anaingia Moraa.

Moraa Ng'iti alikuwa mwanamke wa Kitutu, mganga na mwonaji, na masimulizi yanamtaja kama mama aliyemlea Otenyo. Ukimpata mtu wa kukusimulia vizuri utasikia kwamba Moraa hakuwahutubia wazee. Aliwageukia vijana. Aliwaaibisha. Aliwauliza ni wanaume wa namna gani wanaokaa wakitazama ng'ombe wakichukuliwa na wasichana wakidharauliwa, na wao mikuki wanayo. Siyaweki maneno yake hapa, maana kila msimulizi ana yake, ila uchungu wenyewe haubadiliki: mnalinda nini basi?

Swali hilo lilimkata kijana wa ebisarate pale pale alipokuwa mtu. Mzee akipoteza ng'ombe anapoteza mali. Mlinzi akimpoteza, anajipoteza mwenyewe. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha Otenyo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaomchora kama kijana mwenye hasira tu. Kama ungekuwa na miaka yake, huna zizi, huna mke, huna chochote isipokuwa kazi ya kusimama kati ya mali ya ukoo na anayeitaka, halafu kazi hiyo ionekane ni bure mbele ya kila mtu, mbele ya mama aliyekulea, ungefanya nini?

Januari 1908 Northcote alikuwa amekwenda Kitutu kwa shughuli iliyohusu mifugo. Otenyo alimvizia njiani akamchoma mkuki mgongoni.

Northcote hakufa. Lakini habari ilienea kwamba Nyarigoti ameuawa, na kwa siku chache nchi nzima ikaamini kwamba mambo yamekwisha. Watu wakainuka. Ukiwa kijana wa Kitutu katika siku hizo lazima ulitembea kifua mbele.

Kisha wakaja askari wa King's African Rifles pamoja na polisi. Sitakuzungusha. Vijiji vilichomwa, mavuno yakateketezwa, watu wakapigwa risasi, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa tena. Telegramu zilipofika London zilimkuta Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni na ambaye ndiyo kwanza ametoka kuzuru Afrika Mashariki mwishoni mwa 1907. Moja ilitaja watu 160 waliouawa bila upande wa serikali kuongeza majeruhi hata mmoja. Churchill, ambaye hakuwa mtu wa kulia lia kwa sababu ya vita, aliandika kwamba hapendi sauti ya ripoti hizo, kwamba inafanana na uchinjaji, na akahoji ulazima wa kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiwango kile. Ukifika mahali ambapo Churchill anaona umezidisha, umezidisha.

Otenyo alikamatwa akauawa. Simulizi ya ukoo wake inasema alipigwa risasi mbele ya watu, kichwa kikakatwa, kikapelekwa Uingereza.

Sasa tuongee ukweli, mimi na wewe, maana hapa ndipo watu wengi huweka nukta na kupiga makofi. Mkuki ule ulikuwa na gharama, na gharama hiyo hakuilipa Otenyo peke yake. Wapo watu wa Kitutu ambao hawakumtuma, na waliopoteza kila kitu. Kuna msichana ambaye harusi yake ilikuwa ifanyike mwaka ule na haikufanyika. Kuna mzee aliyetumia miaka thelathini kujenga zizi akaliona likitolewa kwa asubuhi moja. Sidhani wote walimlilia Otenyo. Nadhani wengine walilitema jina lake kama mate machungu, na sioni kosa lao. Sisi ndio tunaoweza kumpenda bila kulipa.

Halafu mtazame Northcote. Alipona. Akapanda vyeo, akapewa hadhi ya Sir, na katika miaka ya 1930 akawa gavana wa British Guiana, nchi tunayoiita Guyana leo, kisha kuanzia 1937 gavana wa Hong Kong. Kule Hong Kong chuo cha kufundisha walimu kilipewa jina lake. Pengine alikuwa mtu mzuri kwa waliomzunguka. Wapo wanaosema alikuwa mwungwana. Kovu la mgongoni alitembea nalo hadi Uchina. Yaani kama tunapima maisha kwa kipimo cha zile hema mbili, Nyarigoti anakaa kwenye kitambaa cheupe bila mtu kumnong'oneza, na Otenyo hata kwenye plastiki hafiki.

Kilichofuata Gusii kinaonyesha jinsi mali na thamani ya mtu zilivyoachana. Kufikia 1912 na 1913 serikali ilivunja ebisarate. Kwake zilikuwa kambi za vita na wizi. Kwa vijana zilikuwa anwani. Kijana akarudishwa nyumbani kwa baba, bila kazi ya kulinda na bila mahali pake, akaanza kudaiwa kodi. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii kutoka upande wa Tanzania ya sasa, vita vikapiganwa pale pale mjini, Waingereza wakaondoka kwa muda. Watu walishuka vilimani wakapora boma, maduka na misheni. Walichukua walichoweza kubeba. Adhabu ikaja, na bila shaka unaweza kukisia ilidaiwa kwa nini. Ng'ombe.

Miaka hiyo hiyo ikaingia imani ya Mumbo. Ilianzia Alego mwaka 1913, kwa mtu aliyeitwa Onyango Dunde, ikashika moto Gusii kuliko kwao. Ilifundisha kwamba Wazungu wataondoka na kwamba mifugo itatoka ziwani, watu wapate bila kuteseka. Serikali iliwacheka kwanza, kisha ikawaogopa, ikawapeleka viongozi wake uhamishoni Lamu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ilikuwa imani ya wajinga. Siku hizi sisemi hivyo. Wajomba zangu hawaiamini Mumbo, lakini kila wikendi wanaweka pesa kwenye mechi za Ulaya wakisubiri ziwa liteme ng'ombe.

Vijana wengine walikwenda Kericho kuchuma majani chai kwa mshahara. Wakarudi na pesa, na pesa ikanunua ng'ombe, na mahari ikapanda kwa sababu sasa ng'ombe wangeweza kupatikana bila dada kuolewa. Kaskazini na kusini mwa Gusii, mwenye cheo cha serikali, mwenye shule, na kuanzia miaka ya 1930 mwenye shamba la kahawa, akawa ndiye omonda mpya. Sina ugomvi na kahawa. Imesomesha ukoo wangu. Ila angalia kilichobadilika: kahawa haiolewi. Haina dada wala shemeji. Unaweza kuwa nayo nyingi na usimhitaji mtu yeyote, na asiyekuwa nayo hana kazi ya kukufanyia isipokuwa kuvuna kwa kilo. Yule kijana aliyelala nje na mkuki akijua kwamba bila yeye tajiri si tajiri, nafasi yake ilifutika. Akawa anasubiri kuajiriwa.

Na wewe msomaji, kama uko Umoja au Githurai, diploma kabatini, unaendesha bodaboda ya mtu mwingine kwa malipo ya siku, usifikiri unyonge unaousikia ukiwa nyumbani Desemba ulizaliwa nawe. Haukuzaliwa nawe. Una tarehe. Palikuwa na wakati ambapo mtu asiye na kitu chochote kwa jina lake hakuitwa mtu wa bure katika milima hii, na tunajua ni lini na kwa njia gani wakati huo ulikatwa. Sikwambii urudi huko. Hakuna atakayelala nje siku hizi akilinda Friesian wa babu yake. Nakwambia tu kwamba kipimo unachopimiwa ni kichanga, kina takriban miaka 120 tu, na kililetwa na watu waliokuwa wakihesabu faini.

Ile siku ya mazishi, hotuba zilipochosha, nilihamia hema la plastiki nikaketi nyuma ya mwalimu. Alikuwa akimwonyesha mtoto wa jirani jinsi ya kuandika jina lake kwa kidole kwenye vumbi la kiti cha mbele. Watu walikuja mmoja mmoja kumsalimia, wakiinama, wengine wakitoka kule mbele kwenye vitambaa. Yule mwenye magari matatu pia alikuja. Alimsalimia kwa mikono miwili na akakaa naye kidogo kuliko wote, kwa sababu simu yake ilikuwa ikilia. Nilimtazama alivyoondoka. Nilidhani ningemkasirikia, lakini alionekana tu kama mtu aliyechelewa mahali, na sikujua ni wapi.

Familia ya Otenyo na wazee wa Gusii kwa miaka mingi wameomba fuvu lake lirudishwe. Kwa desturi yetu mwanamume huzikwa nyumbani, upande wa kulia wa nyumba yake, na mwanamke upande wa kushoto, na wanaobaki huyapita makaburi hayo kila siku wakienda shambani. Tajiri hulala hapo, maskini hulala hapo. Uwe uliacha ng'ombe mia au ulikufa unadaiwa, upande wako wa kulia ni wako, na hakuna mtu wa kamati atakayekuja kukunong'oneza uhame.

Otenyo bado hajazikwa hapo.